7.8 juu ya ngapi? Historia fupi ya kuhesabu damu, tukiwa Ruziba



Mwezi ule wa mvua nyingi, mama mmoja wa parsela yetu alirudi kutoka kituo cha afya, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Mtoto alikuwa na miaka 3 na malaria ilikuwa imempiga siku nne. Kwenye karatasi waliandika dawa, tarehe ya kurudi, na namba moja: 7.8. Tukamuuliza, "Mama, wamesema nini?" Akajibu kwa furaha kabisa: "Mutoto amepata saba nukta nane. Si ni muzuri? Hata mukubwa wake hajapata hiyo ku masomo."

Hakuna aliyecheka, maana kati yetu hakuna aliyejua kama ni nzuri ao ni mbaya. Sisi wote tumesoma shule za alama juu ya kumi. Saba nukta nane ni kupita, tena kupita vizuri. Kwa hiyo tarehe ya kurudi ilipofika, mama hakurudi. Mtoto amepita, kwa nini apoteze siku nzima kwenye foleni na kuacha meza yake ya ndagala sokoni?

Siku mbili baadaye mtoto alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, na viganja vyake vimekuwa vyeupe. Hospitali walipima tena: 4.6. Usiku ule aliongezewa damu. Mtoto yuko hai, tunawaambia mapema ili msisome na hofu. Lakini swali lilibaki kwetu: 7.8 juu ya ngapi? Nani aliamua? Na mtu alianzaje kuhesabu damu, kitu ambacho kinamwagika tu?

Tukaanza kutafuta. Tulisoma, tukauliza wauguzi, tukakaa na mzee mmoja aliyekuwa laborantini Uvira kabla ya kukimbia. Hii ndiyo historia tuliyoikuta.

Kabla ya namba kulikuwa na jicho

Watu walijua kukosa damu kabla ya mashine yoyote. Kiswahili kina neno lake, safura: ugonjwa wa mtu kuwa mweupe machoni, kuchoka, kuvimba miguu, na wakati mwingine kutamani kula udongo. Leo tunajua kwamba safura nyingi inaletwa na minyoo midogo inayoingia kwa ngozi ya miguu na kwenda kunyonya damu ndani ya utumbo. Waliotunga neno hawakuona minyoo hiyo ikinyonya. Waliona mtu anavyofifia.

Bibi zetu wanavuta kope ya chini ya mtoto na kuangalia rangi ya ndani. Tena wanafunua kiganja na kukilinganisha na chao. Tulidhani ni mambo ya zamani tu, kumbe muuguzi wa leo naye anafundishwa kuangalia kiganja cha mtoto mgonjwa. Imo ndani ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kutibu watoto wadogo: kiganja cheupe kidogo, kiganja cheupe sana, na cha kufanya kwa kila kimoja.

Na mbuzi je? Afrika Kusini, miaka ya 1990, daktari wa mifugo Faffa Malan na wenzake walitengeneza kadi yenye rangi tano, kutoka nyekundu mpaka nyeupe. Mfugaji anafunua kope ya kondoo au mbuzi, anailinganisha na kadi, na anajua yupi apewe dawa ya minyoo. Mnyoo wenyewe unakaa tumboni na kunyonya damu. Kadi inaitwa FAMACHA, na inatumika nchi nyingi. Yaani jicho la bibi limepewa karatasi ya rangi.

Jicho lina shida yake moja: haliwezi kusema "kiasi gani". Ukiangalia leo na kesho kwenye giza la nyumba, huwezi kujua kama mtoto anapanda ao anashuka. Hapo ndipo hesabu inaingia.

Mtu wa kwanza aliyehesabu

Mwaka 1674, Mholanzi mmoja aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, aliangalia damu yake kwa kioo alichokisugua mwenyewe. Aliona kwamba damu si maji mekundu. Ni maji ambamo vinaelea vitu vidogo vya duara, vingi sana. Ndizo chembe nyekundu, zinazobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima.

Kuona ni jambo moja, kuhesabu ni jambo lingine. Ilipita karibu miaka 180. Mwaka 1852, Ujerumani, katika mji wa Tübingen, profesa Karl Vierordt alipima kiasi kidogo sana cha damu, akakitandaza kwenye kioo, akahesabu chembe moja moja chini ya hadubini. Ilikuwa kazi ya masaa kwa tone moja. Jibu lake: zaidi ya milioni 5 katika milimita moja ya ujazo. Milimita ya ujazo ni kama punje kubwa ya chumvi. Ndani ya punje hiyo, chembe milioni 5. Sisi tulipoisoma tulinyamaza kidogo.

Miaka ya 1870 watu kadhaa walirahisisha kazi. Ufaransa walikuwa Louis-Charles Malassez na Georges Hayem. Uingereza alikuwa William Gowers, mwaka 1877. Ujerumani alikuwa Richard Thoma, ambaye kioo chake kilitengenezwa na kampuni ya Zeiss. Wote walikuwa na wazo moja: usihesabu damu yote. Ichanganye na maji maalum mara nyingi unazojua, iweke kwenye kioo chenye kina unachokijua na miraba iliyochorwa, hesabu miraba michache, halafu zidisha.

Mzee wetu wa labo alituchorea kwenye daftari. Kuna kioo kinachoitwa kwa jina la Malassez, wanaosoma kwa Kifaransa wanakijua, na kuna kingine cha Neubauer. Twende na cha Neubauer. Damu inachanganywa mara 200. Kina cha kioo ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Unahesabu miraba midogo 80, na kila mmoja ni sehemu moja ya 400 ya milimita ya mraba. Ukipiga hesabu, chembe ulizoziona unazizidisha kwa 10,000. Ukihesabu 480, damu ina chembe milioni 4.8. Ukihesabu 250, ni milioni 2.5, mgonjwa ana shida.

"Sasa," akasema mzee, "ukikosea kuchanganya mara moja, kila kitu kimeharibika. Ukichanganya mara 100 na unafikiri ni 200, mgonjwa wako anakuwa tajiri wa damu kwenye karatasi, na maskini wa damu kitandani." Hiyo sentensi tuliiandika ukutani.

Mbuzi ana damu nyingi kuliko wewe?

Baada ya watu, wakahesabu wanyama. Na hapo namba zikaanza kuchanganya vichwa.

Mtu mzima ana chembe milioni 4 mpaka 6 hivi katika milimita ya ujazo. Ng'ombe ana milioni 5 mpaka 10. Mbuzi ana milioni 8 mpaka 18! Kuku ana kama milioni 3 tu, na chembe zake ni za umbo la yai, zina kiini ndani, kitu ambacho chembe zetu nyekundu hazina. Ngamia naye ana chembe za umbo la yai, lakini hazina kiini.

Sasa, mbuzi wa milioni 12 ana damu nzuri kuliko wewe wa milioni 5? Hapana. Chembe ya mbuzi ni ndogo sana, upana wake ni karibu nusu ya yetu. Ukichukua damu ya mbuzi na ya mtu, ukaizungusha kwa mashine mpaka chembe zikae chini, utaona chembe za mtu zinajaza asilimia 36 mpaka 50 ya mrija, na za mbuzi asilimia 22 mpaka 38. Nyingi kwa idadi, kidogo kwa ujazo. Ni kama kikapu cha ndagala na kikapu cha mukeke: ukihesabu vichwa ndagala wanashinda mbali, ukiweka kwenye mizani ni habari nyingine.

Huo ndio mtego wa kwanza wa namba. Milioni 8 kwa mbuzi ni mwisho wa chini wa kawaida yake. Milioni 8 kwa mtu wa kando ya ziwa ni jambo la kumpeleka kwa daktari haraka. Namba ileile, mwili mwingine, maana nyingine.

Kwa wanyama wa Afrika kuhesabu hakukuwa mchezo wa maprofesa. Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikwenda na mke wake Mary mpaka Ubombo, nchi ya Wazulu, kuchunguza ugonjwa wa nagana uliokuwa unamaliza ng'ombe. Alikuta mdudu mdogo ndani ya damu, akaonyesha kwamba anabebwa na mbung'o. Akaandika pia kitu ambacho wafugaji walikiona kwa macho: homa inapanda, mnyama anakonda, na chembe nyekundu zinaharibika na kupungua. Ng'ombe wa nagana anakufa kwa kukosa damu, ingawa hakuna kidonda kinachovuja.

Miaka mingi baadaye, karibu na kwetu zaidi, maabara ya ILRAD ilianzishwa Nairobi mwaka 1973 kuchunguza magonjwa kama hayo ya mifugo. Katika utafiti wa nagana njia ya mrija ikawa ya kila siku: tone la damu ndani ya mrija mwembamba, mashine inazungusha, unasoma asilimia. Mwaka 1977 Max Murray na wenzake walieleza jinsi ya kukata mrija uleule chini kidogo ya tabaka la chembe nyeupe, na kumtafuta mdudu hapo chini ya hadubini. Tone moja, majibu mawili: ng'ombe ana damu kiasi gani, na je, mdudu yupo. Asilimia ikishuka chini ya 25 hivi, ng'ombe wa sehemu hizo anahesabiwa kuwa amepungukiwa.

Wengi wetu tulizaliwa katika familia za ng'ombe. Tulishangaa kujua kwamba ng'ombe walipimwa namna hii, na kufuatwa wiki kwa wiki, kwa uangalifu ambao mtoto wetu hakuupata. Hatusemi kwa uchungu. Tunasema kwa sababu kazi ni ileile: kupima mara ya kwanza, kupima mara ya pili, na kulinganisha.

Mlima unabadilisha damu

Mtego wa pili ulifunuliwa Amerika ya Kusini. Mwaka 1889 daktari Mfaransa, François-Gilbert Viault, alisafiri Peru. Lima, kando ya bahari, alihesabu damu yake: milioni 5. Akapanda mpaka migodi ya Morococha, karibu mita 4,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Baada ya siku 15 akahesabu tena: zaidi ya milioni 7. Hakuwa amekula dawa. Mwili wake ulikosa oksijeni ya kutosha, ukatengeneza wabebaji wengi zaidi.

Mfaransa mwingine, Achille Müntz, aliwaachia sungura kwenye kilele cha Pic du Midi, mita 2,877. Miaka saba baadaye, kwenye 1890, alikuta damu ya sungura hao ina chuma nyingi kuliko ya wenzao wa chini. Mtu na sungura, sheria moja.

Kwa nini tunawaeleza mambo ya Peru? Kwa sababu sisi ni watu wa kupanda na kushuka. Ruziba iko ufukweni, ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari. Uvira ni hivyohivyo. Lakini milima ya Itombwe, walikotoka wenzetu wengi, inapita mita 2,000. Na kambi za Burundi za Musasa kule Ngozi na Kinama kule Muyinga ziko kwenye vilima vinavyopita mita 1,500. Mtu anaweza kuzaliwa mlimani, akakimbilia ufukweni, akapelekwa kambi ya vilimani, halafu akarudi Bujumbura kutafuta maisha. Damu yake inafuata safari yote hiyo, kimyakimya, ikipanda na kushuka kwa wiki kadhaa.

Ndiyo maana WHO ina jedwali la urefu. Kwa miaka mingi lilisema: ukipima mtu kwenye mita 1,500, toa 0.5 kwenye namba yake kabla ya kuamua. Kwenye mita 2,000, toa 0.8. Maana mlimani mwili unapaswa kuwa na damu zaidi, na namba inayoonekana nzuri inaweza kuficha upungufu.

Ufukwe huu ulishachukuliwa damu

Tusiruke historia ya hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani wakitawala, ugonjwa wa malale uliingia kwenye ufukwe wa Tanganyika, pamoja na tambarare ya Imbo, hii tunayokaa. Robert Koch alikuja Afrika Mashariki mwaka 1906, akafanya kazi visiwa vya Sese, Uganda. Alipoondoka, Friedrich Karl Kleine akaongoza kampeni katika koloni ya Wajerumani. Watu walishikwa shingo kutafuta tezi zilizovimba, damu yao ikaangaliwa chini ya hadubini, vichaka vya ufukweni vikakatwa ili mbung'o akose kivuli. Waliopatikana na mdudu walipewa dawa ya atoxyl, yenye sumu ya arseniki. Kuna waliopofuka macho kwa sababu yake.

Pale hawakuhesabu chembe, walitafuta mdudu. Lakini kwa mwenye kidole kuna tofauti gani? Mgeni anakuja, anachoma, anaondoka na damu yako kwenye kioo, na hujui ameona nini. Si ajabu watu waliziogopa kambi hizo. Na si ajabu kwamba Afrika Mashariki nzima ilijaa hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hizo mwaka 2000. Anazichukua kama ushuhuda wa jinsi watu walivyoiona hali yao chini ya ukoloni, hazidharau kama ujinga.

Hata leo, siku za uchunguzi wa lishe, kuna mama anayeficha mtoto. Tunawasikia wakisema, "Wanaenda kuuzisha damu yetu." Tone linalochukuliwa ni dogo sana. Lakini hofu haipimwi kwa ukubwa wa tone. Inapimwa kwa ukubwa wa kimya kinachofuata.

Kutoka hesabu mpaka namba ile ya karatasi

Bado tulikuwa na swali: kama chembe ni mamilioni, hii 7.8 inatoka wapi?

Jibu ni kwamba kuna njia tatu za kupima damu nyekundu. Ya kwanza ni kuhesabu chembe. Ya pili ni ile asilimia ya mrija. Ya tatu ni kupima hemoglobini, yaani ile rangi nyekundu yenye chuma iliyomo ndani ya chembe, ndiyo inayoshika oksijeni. 7.8 ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu, sehemu ya kumi ya lita.

Mwaka 1929 daktari kijana huko New Orleans, Maxwell Wintrobe, alitengeneza mrija wake wa kupima asilimia, na baadaye akaonyesha kwamba ukiweka namba tatu pamoja unajua aina ya upungufu. Mtu wa minyoo anaweza kuwa na chembe si chache sana, lakini ni ndogo na zimepauka, kwa sababu chuma imekwisha. Mtu wa malaria chembe zake zinapasuliwa, zinabaki chache. Wote wawili wana viganja vyeupe, lakini matibabu si yaleyale. Na wapo wengi wenye vyote viwili kwa pamoja.

Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipata hatimiliki ya mashine inayohesabu yenyewe. Chembe zinapita moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme, kila moja inakatiza umeme kidogo, mashine inahesabu. Kazi ya Vierordt ya masaa ikawa sekunde. Hospitali kubwa wanazo mashine za ukoo huo.

Lakini kambini na vituo vidogo, mara nyingi kipo kifaa cha mkononi. Kinachojulikana zaidi ni HemoCue, kutoka Sweden. Kinapima hemoglobini kwa tone la kidole. Uchunguzi wa lishe wa UNHCR unapima hivyo watoto wa miezi 6 mpaka 59 na wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Wakikuta asilimia 40 ya watoto au zaidi wamepungukiwa damu, wanasema ni tatizo kubwa la afya ya jamii.

Sasa jibu. Kwa mtoto wa miaka 3, mpaka wa chini wa kawaida ni 11. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Kwa hiyo 7.8 haikuwa juu ya kumi. Haina "juu ya" yoyote. Ilikuwa 7.8 ikitazama 11, na hatua chache tu kutoka 7, na mtoto alikuwa na malaria inayoendelea kupasua chembe. Ile tarehe ya kurudi ndiyo ilikuwa dawa muhimu kuliko zote kwenye karatasi.

Na msidhani mipaka hii ilishuka kutoka mbinguni. Mwaka 2024 WHO iliibadilisha. Kwa watoto wa miezi 6 mpaka 23 mpaka sasa ni 10.5, wakubwa kidogo wakabaki na 11. Jedwali la urefu nalo lilibadilika: zamani ufukwe wetu haukuguswa, sasa kutoka mita 500 mpaka 999 unatoa 0.4. Mtoto wa miaka 3 wa Ruziba mwenye 11.3 zamani alikuwa mzima. Kwa jedwali jipya ana 10.9, amepungukiwa kidogo. Damu ileile, kidole kilekile.

Tunachoomba

Sisi wakimbizi tunahesabiwa sana. Mwaka 2025, maelfu walipovuka Rusizi na kujaa uwanja wa Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi, walihesabiwa mtu mmoja mmoja. Tunajua kuhesabiwa kunasaidia: bila hesabu hakuna chakula, hakuna hema. Lakini tunajua pia jinsi mtu anavyojisikia akiwa namba ambayo wengine wanaisoma na yeye haisomi.

Wapenzi wasaidizi, tunajua foleni ni ndefu na nyinyi ni wachache. Hatuombi somo la labo. Mkiandika namba, andikeni pembeni yake namba ya mpaka. "7.8, inatakiwa 11, rudi Jumanne." Maneno matano. Mama yule anajua kusoma namba, anauza ndagala na hajawahi kupunjwa chenji. Alikosa kitu cha kulinganisha tu.

Na sisi vijana tuna yetu. Tulikubaliana kwamba yeyote wa parsela akirudi na karatasi yenye namba, tunamuuliza maswali matatu kabla hajaikunja:

Namba hii ni ya nini: ni chembe, ni asilimia, ao ni hemoglobini?

Inatakiwa iwe ngapi kwa mtu kama huyu, wa umri huu, na mahali hapa?

Na unarudi lini ili walinganishe?

Asipokuwa na majibu, mmoja wetu anarudi naye. Si kugombana na muuguzi, ni kuuliza kwa heshima. Mpaka leo hakuna muuguzi aliyekataa kujibu.

Yule mtoto sasa anakimbia. Damu aliyopewa ilitoka kwa mjomba wake, ambaye usiku ule alikuwa anatetemeka kwa kuogopa sindano na bado akanyoosha mkono. Wiki tatu baada ya hospitali walipima tena: 10.4. Mama alipotoka mlangoni, hakusema "amepata". Alisema, "Kumi nukta ine. Inabakia sita mbele ya kufika ku kumi na moja. Ntarudi."

Alihesabu vizuri.